HESABU YA MAFUTA YANAYOBAKI MAJINI

Somo kwa Wanachama



Baadhi ya wanachama wetu wanaopika makonyo kwa shirika wameletewa karatasi na mchuuzi mmoja wa mitambo. Karatasi hiyo yasema kwamba maji yanayotoka pamoja na mafuta, ambayo wengi wetu huyamwaga, yana mafuta ndani yake, na kwamba mchuuzi anayo dawa ya kuyatoa. Yasema tena kwamba dawa hiyo ina nguvu ya kumi, yaani kwa kila sehemu moja ya mafuta inayobaki katika maji, sehemu kumi huhamia katika dawa. Kwa hivyo, adai mchuuzi, lita 10 za dawa zikitikiswa mara moja na lita 100 za maji, zitatoa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mafuta yaliyomo. Wanachama hao wameuliza kama chama kitawadhamini mkopo wa kununua mtambo huo.

Kamati imeona si vyema kujibu ndiyo au la bila ya kuonyesha sababu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hesabu ya jambo hili ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Kijana yeyote aliyemaliza darasa la saba aweza kumfanyia babake. Basi twawaomba wanachama wachukue karatasi na kalamu, tuifuate hatua kwa hatua.

1. Je, ni kweli mafuta yamo majini?

Katika hili mchuuzi amesema kweli. Kilo 100 za makonyo makavu hutoa mafuta kiasi cha kilo 5 hadi 6. (Karafuu zenyewe hutoa kilo 15 hadi 20, na majani kilo 2 hadi 3.) Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujenoli, ambacho ndicho kinachoitia karafuu harufu yake na ndicho madaktari wa meno hukitumia. Yujenoli ni nzito kidogo kuliko maji, na kwa sababu hiyo mafuta ya makonyo hukaa chini ya chombo cha kupokelea, maji yakawa juu.

Lakini maji hayo ya juu si matupu. Kwanza huwa na matone madogo madogo yanayoyafanya yaonekane meupe kama maziwa. Matone haya hayahitaji dawa yoyote. Maji yakiachwa yatulie na kupoa, matone hukusanyika na kujitenga. Pili, iko yujenoli iliyoyeyuka kabisa, kama chumvi ilivyoyeyuka katika maji ya bahari, na hiyo haijitengi hata maji yakikaa mwezi mzima. Kiasi chake ni karibu gramu 2 na nusu katika kila lita moja, maji yakiwa na joto la nyuzi 25 za sentigredi.

Tuseme mpikaji amepika kilo 100 za makonyo, zikatoka lita 200 za maji. Maji hayo yaweza kuchukua karibu nusu kilo ya mafuta, na yeye amepata kilo 5 au 6 tu. Hasara hiyo si ndogo. Tena wataalamu wa samaki hutumia yujenoli kuwalewesha samaki wanapotaka kuwashika na kuwapima, kwa hivyo maji haya hayafai kumwagwa ovyo katika vijito vyetu.

2. Maana ya mgawanyo

Chukua maji yenye yujenoli, uyatie katika chupa pamoja na kitu kingine cha majimaji kisichochanganyika na maji, kisha uitikise chupa na kuiacha itulie. Vitu hivyo viwili vitajitenga, kimoja juu na kimoja chini, kama mafuta ya nazi na maji. Yujenoli nayo itagawanyika, nyingine itabaki majini na nyingine itahamia upande wa pili. Hicho kitu cha pili, ambacho mchuuzi akiita dawa, wataalamu hukiita kiyeyushi, na sisi tutatumia jina hilo.

Mwaka 1872 wataalamu wawili wa Ufaransa, Berthelot na Jungfleisch, walionyesha kwamba mgawanyo huu una kanuni yake. Mwaka 1891 Mjerumani Walther Nernst akaieleza kanuni hiyo kwa ukamilifu zaidi. Kanuni yenyewe ni hii: ukipima mkolezo wa kitu katika kiyeyushi, ukaugawanya kwa mkolezo wake katika maji, utapata namba isiyobadilika, maadamu joto ni lile lile na kitu kilichoyeyuka si kingi mno. Namba hiyo tutaiita namba ya mgawanyo, na tutaiandika kwa herufi K.

Neno la kulishika hapa ni mkolezo. Maana yake ni gramu ngapi zimo katika kila lita moja. Vijiko viwili vya sukari katika kikombe kimoja cha chai ni utamu mkali, na vijiko viwili hivyo hivyo katika ndoo havisikiki. Sukari ni ile ile, lakini mkolezo ni mbali mbali.

3. Namba ya mgawanyo si kiasi cha mafuta

Hapa ndipo karatasi ya mchuuzi ilipopotoka. Tutoe mfano wa harusi. Watu wameketi chumbani na ukumbini. Chumbani kila jamvi lina watu 10, na ukumbini kila jamvi lina mtu 1. Msongamano wa chumbani basi ni mara kumi ya ule wa ukumbini, yaani K ni 10. Je, watu wengi wako wapi? Huwezi kujibu mpaka ujue majamvi ni mangapi. Ikiwa chumba kina majamvi 10 na ukumbi una majamvi 100, chumbani mna watu 100, na ukumbini mna watu 100. Wamegawanyika nusu kwa nusu.

Ndivyo ilivyo kwa lita 10 za kiyeyushi na lita 100 za maji. K ikiwa 10, nusu ya mafuta huhamia na nusu hubaki. Sehemu tisa katika kumi alizozitaja mchuuzi hupatikana kwa kutikisa mara moja tu ikiwa kiyeyushi ni kingi karibu sawasawa na maji, tuseme lita 100 kwa lita 100. Hapo sehemu 10 katika 11 zitahamia, nayo ni 91 katika mia. Mchuuzi ameichukua hesabu ya lita 100, akaiandikia bei ya lita 10.

4. Kanuni ya kufanyia hesabu

Tuandike hivi: A ni lita za maji, D ni lita za kiyeyushi, K ni namba ya mgawanyo. Sehemu ya mafuta inayobaki majini baada ya kutikisa mara moja ni:

Sehemu inayobaki = A ÷ (A + K × D)

Izidishe sehemu hiyo kwa gramu zilizokuwamo mwanzo, utapata gramu zilizobaki. Toa gramu zilizobaki katika zile za mwanzo, utapata zilizopatikana. Kila mara jumlisha zilizobaki na zilizopatikana. Jumla isipokuwa sawa na zile za mwanzo, hesabu ina kosa, irudie.

Katika somo hili tutachukua maji lita 100 yenye yujenoli gramu 240, na K iwe 10 kama ilivyo katika karatasi ya mchuuzi. Namba 10 ni ya kujifunzia tu. Kila kiyeyushi kina namba yake, na ziko zilizo kubwa zaidi. Kwa mfano, katika kiyeyushi kiitwacho oktanoli, ambacho wataalamu hukitumia kulinganishia vitu, namba ya yujenoli hupita 100.

Hesabu ya mchuuzi: D = 10. K × D = 100. Sehemu inayobaki = 100 ÷ (100 + 100) = nusu. Zabaki gramu 120, zapatikana gramu 120. Mchuuzi aliahidi zaidi ya gramu 216.

5. Mara moja au mara tatu?

Sasa tuseme tuna lita 30 za kiyeyushi. Tuzitie zote kwa pamoja, au tuzigawe?

Zikitiwa zote mara moja: K × D = 300. Sehemu inayobaki = 100 ÷ 400 = robo. Zabaki gramu 60, zapatikana gramu 180.

Zikigawanywa lita 10 mara tatu, kila mara tukiondoa kiyeyushi kilichotumika na kutia kipya:
Mara ya kwanza: 240 zawa 120.
Mara ya pili: 120 zawa 60.
Mara ya tatu: 60 zawa 30.
Zabaki gramu 30, zapatikana gramu 210.

Kiyeyushi ni kile kile, lita 30, bila ya kuongeza hata tone. Lakini tumepata gramu 30 zaidi kwa kuzigawa lita tu. Mabibi walio jikoni hawatashangaa. Nani akunaye nazi akatia maji yote kwa mara moja, kisha akakamua mara moja na kutupa chicha? Hutia maji kidogo akapata tui la kasimile, akatia tena akapata tui la pili, na tena la tatu. Kila maji mapya huchukua sehemu ya kile kilichoachwa na maji ya kwanza. Jambo letu si sawa kabisa na la nazi, kwani chicha si majimaji, lakini busara yake ni moja.

Sababu yake ni hii. Kiyeyushi kikiwa kipya hakina mafuta, nacho hupokea upesi. Kikisha kufikia mkolezo wake wa mara kumi hakipokei tena, hata ukitikisa mpaka mikono ichoke. Ukikiondoa na kutia kipya, mapokezi huanza upya.

6. Mpaka wa faida

Huenda mwanachama akasema, "Basi tuzigawe mara nyingi zaidi." Tujaribu mara sita, kila mara lita 5. Sehemu inayobaki kila mara = 100 ÷ 150, yaani theluthi mbili. Fuata theluthi mbili mara sita, utaona zimebaki gramu 21. Tumepata gramu 9 zaidi kuliko mara tatu, na kazi imekuwa maradufu. Na hata ukizigawa lita hizo 30 matone kwa matone, maji yale hayatashuka chini ya gramu 12 hivi. Toka mara moja kwenda mara tatu faida ni kubwa. Baada ya hapo hupungua, na mwenye hesabu nzuri hujua pa kusimama.

Viwanda vikubwa vina njia nyingine, nayo ni kuvipitisha vitu viwili kwa kukabiliana. Vyombo vitatu huwekwa kwa safu, maji yakaingia upande huu na kiyeyushi upande ule. Kiyeyushi kipya hukutana kwanza na maji yaliyokwisha kupungua mafuta, na kiyeyushi kilichotumika hukutana mwisho na maji yenye mafuta mengi. Kazi ikisha kutulia, kwa kila lita 100 za maji na lita 30 za kiyeyushi, hesabu huwa hivi: maji yanaingia na gramu 240, yanatoka chombo cha kwanza na gramu 78, cha pili na 24, cha tatu na 6 tu. Yapatikana gramu 234 kwa kiyeyushi kile kile. Lakini njia hii yataka pampu, vyombo na watu wa kuvisimamia.

7. Jinsi ya kuipima K

Mwuzaji akikupa namba, usiichukue kwa imani. Maabara yoyote yaweza kuipima. Chukua lita 1 ya maji yenye gramu 2.4 za yujenoli, itikise na kiyeyushi mililita 100, yaani lita 0.1, na uyaache yatulie. Pima yujenoli iliyobaki majini. Tuseme ni gramu 1.2. Basi gramu 1.2 nyingine zimo katika kiyeyushi.

Wengi hukosea hapa kwa kugawanya 1.2 kwa 1.2, wakasema K ni 1. Tumekwisha sema kwamba hugawanywa mikolezo, wala si gramu. Katika maji ni gramu 1.2 kwa lita. Katika kiyeyushi ni 1.2 ÷ 0.1, yaani gramu 12 kwa lita. 12 ÷ 1.2 = 10. K ni 10.

Tena uliza ilipimwa kwa joto gani, kwa sababu namba hubadilika na joto. Chumvi nayo huibadili. Maji yakitiwa chumvi hupunguza uwezo wa kuishika yujenoli, na nyingi zaidi huhamia. Kutikisa nako kuwe kwa upole. Ukitikisa kwa nguvu vitu viwili vitashikamana kama mtindi, na huenda visijitenge siku nzima.

8. Mgawanyo waweza kupinduliwa

Jambo hili lahusu bei ya mafuta yetu, kwa hivyo tuliguse. Yujenoli ina tabia ya tindikali dhaifu. Ukitikisa mafuta ya karafuu na maji yenye kostiki soda, yujenoli hugeuka kuwa aina ya chumvi, ikayaacha mafuta na kuingia majini. Kilichobaki juu ni vitu vingine vya mafuta, hasa kariofilini. Ukitia tindikali katika maji hayo, yujenoli hurudi kama ilivyokuwa na kujitenga.

Kwa njia hii mafuta yalipimwa kwa miaka mingi. Mililita 10 za mafuta hutikiswa na maji ya kostiki katika chupa yenye shingo ndefu iliyotiwa alama, kisha husomwa yaliyobaki juu. Yakiwa mililita 1.5, basi 8.5 zimeyeyuka, na mafuta huhesabiwa kuwa na 85 katika mia. Siku hizi maabara kubwa hutumia mashine za kromatografia ya gesi, lakini hesabu ya chupa yafaa kujulikana, ili mwanachama akiambiwa mafuta yake yamepungua aweze kuuliza yalipimwaje.

9. Shauri la kamati

Kwanza, kabla ya kununua kiyeyushi, rudisheni maji pipani. Maji yaliyokwisha kushiba mafuta hayawezi kunywa mengine. Yakirudishwa katika pipa la kupikia, yujenoli iliyomo hupanda tena na mvuke, na mafuta mapya hujitenga yote. Tufanye hesabu. Mpikaji anayemwaga lita 200 kila pipa, kwa mapipa matano amemwaga lita 1,000, na kwa gramu 2.4 kila lita amepoteza kilo 2.4. Anayezirudisha lita 200 zile zile hupoteza gramu 480 tu siku anapoyamwaga mwisho. Faida hiyo haina dawa wala mkopo. Ni bomba tu.

Pili, kiyeyushi kina gharama zisizoandikwa katika karatasi. Mafuta yaliyohamia ndani yake hayauziki mpaka kiyeyushi chenyewe kiondolewe kwa kukivukiza. Viyeyushi vingi vya namna hii, kama heksani, hushika moto upesi, na mvuke wake hutambaa chini mpaka kwenye tanuri. Mtu asithubutu kujaribu karibu na moto, wala kutumia petroli. Na mafuta yanayokwenda katika vyakula na dawa yakionekana na masalio ya kiyeyushi, mnunuzi atayakataa yote. Kostiki nayo huunguza macho na ngozi.

Tatu, mwuzaji yeyote aulizwe maswali manne, na majibu yaandikwe: K ni ngapi na ilipimwa kwa joto gani? Lita ngapi za kiyeyushi kwa lita ngapi za maji? Hutikiswa mara ngapi? Kiyeyushi huondolewaje katika mafuta? Asiyeweza kujibu hana bidhaa ya kutuuzia.

Kwa sababu hizi kamati haikukubali kudhamini mkopo huo kwa masharti yaliyoandikwa. Mchuuzi akileta majibu ya maswali manne, tutaifanya hesabu upya mbele ya wanachama.

10. Maswali ya kujaribu

(a) Maji lita 200 yana yujenoli gramu 400. K ni 5, kiyeyushi ni lita 40. Zitabaki gramu ngapi zikitiwa lita zote mara moja? Na zikitiwa lita 20 mara mbili?

(b) Kwa maji lita 100 na K ya 10, twataka kutoa sehemu tisa katika kumi za mafuta. Zatakiwa lita ngapi za kiyeyushi kwa kutikisa mara moja? Na tukitia lita 10 kila mara, zatakiwa mara ngapi?

Majibu: (a) Mara moja, gramu 200. Mara mbili, gramu 178 hivi. (b) Mara moja, lita 90. Kwa lita 10, mara tatu hazitoshi, mara nne zapita, nazo ni lita 40 kwa jumla.

Mwanachama atakayekwama na aje ofisini na karatasi yake, au amtume kijana wake, tutaifanya pamoja, Inshallah.

Katibu wa Chama